Mdogo wangu, nenda na sumaku

Wiki hii nimeweka kando barua za mawifi na za madeni ya vikoba, maana kuna moja imenikaa moyoni. Imetoka kwa kijana wa Chikongola, hapa hapa Mtwara mjini. Anaanza na shikamoo dada, kisha anafunguka: amepata Datsun 240Z huko Dar es Salaam, gari la spoti la milango miwili, limekaa chini ya mwembe kwa miaka mingi. Mwenyewe ni mzee, amechoka nalo, anataka liondoke. Kijana anataka kulinunua, kulifufua, kuliendesha mpaka nyumbani, na Jumapili ya kwanza ampeleke mchumba wake Msimbati wakapige picha gari likiwa ufukweni, mawimbi nyuma yao. Mchumba naye amesema neno moja tu: "Chagua." Kijana anauliza, "Dada, ninunue?"

Marahaba, mdogo wangu. Sitakwambia umechanganyikiwa, kama walivyokwambia wenzako wa kijiweni. Wao wakiona gari la zamani wanaona mkweche. Mimi najua umependa nini. Gari hilo lina historia kubwa katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki kuliko magari mengi yanayopita leo barabara ya Mikindani. Mwaka 1971, kwenye mbio za East African Safari, zile zilizoanza mwaka 1953 na zilizokuwa zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller ilishika nafasi ya kwanza. Ya pili ikawa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda, akashinda na gari la aina hiyo hiyo. Alifungana pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Baada ya hapo alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, akiwa bado na Datsun. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba gari hilo ni la kuonyeshea tu. Lilivuka matope na mawe ya nchi zetu kwa kasi ambayo wewe na mimi hatutaithubutu.

Ila barabara na chumvi ni maadui wawili tofauti. Gari hilo lililoyashinda matope ya Safari lina ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima, nao ni kutu. Bati lake ni jembamba, na lina mifuko mingi ya siri ambamo maji huingia yasitoke. Na wewe unataka kulileta Mtwara, mji uliozungukwa na bahari, wenye mashamba ya chumvi kandokando ya ghuba. Kusi ikivuma, ukipitisha ulimi mdomoni unaionja chumvi. Bati nalo linaionja, usiku na mchana.

Nasema haya kwa uchungu, si kwa kusoma. Marehemu baba alikuwa na Datsun 120Y, nikairithi. Tulikaa Shangani, nyumba inayotazama bahari. Nikampa fundi bodi mmoja ainyooshe na kuipiga rangi, nikamlipa alichotaka. Lilitoka linang'aa mpaka majirani wakaja kupiga nalo picha. Masika ya pili rangi ikaanza kuvimba kama malengelenge. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama: ndani mlikuwa na puti, na nyuma ya puti gazeti. Yaani alijaza tundu kwa gazeti, akalipaka puti, akapiga rangi juu. Siku moja nikainua kapeti la chini ya miguu ya abiria, nikaiona lami. Mwanangu alikuwa akikaa hapo kila asubuhi nikimpeleka shule. Siku hiyo niliegesha, sikuliendesha tena mpaka sakafu yote ilipokatwa na kuchomelewa bati jipya.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, nenda Dar na sumaku. Ile ndogo ya spika mbovu inatosha, ifunge kwenye kitambaa isikwangue rangi. Ipitishe kwenye madigadi, chini ya milango, kuzunguka taa za nyuma. Panaponasa pana chuma. Panapoteleza pana puti. Toa betri, tazama kinachoishikilia, maana asidi hula pale kwanza. Inua makapeti yote. Kisha lala chini ya gari, uvae nguo usizozipenda, uchukue bisibisi na ugonge zile nguzo mbili za bati zinazotoka mbele kwenda chini ya sakafu. Gari hili halina chasisi ya kusimama peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chasisi. Nguzo hizo zikiwa zimeoza, rangi nzuri haitakusaidia kitu siku ya kugonga shimo. Injini iliyokufa isikutishe sana. Injini hufufuka. Bodi iliyooza ndiyo humfilisi mtu.

Ukiwa hapo hapo, soma namba iliyogongwa kwenye ukuta unaotenga injini na dashibodi, uilinganishe na kadi ya gari. Herufi moja ikitofautiana, simama. Gari lililolala miaka mingi huwa na makaratasi yaliyolala pia: mwenye jina kwenye kadi pengine ameshafariki, na warithi hawajakaa kikao. Ulizia kila kitu TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kukabidhi fedha. Usikubali kuahidiwa kadi "wiki ijayo."

Sasa injini, tuipitie haraka, kwani fundi wako atakueleza mengi. Ni ya silinda sita, lita 2.4, yenye kabureta mbili. Usikubali mtu aiwashe siku ya kwanza kwa kukuonyesha tu kwamba "inapiga." Petroli ya zamani imegeuka gundi ndani ya tangi, ikivutwa inaziba kabureta zote. Tangi lishushwe, lioshwe. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe, kwa sababu mpira mkavu ukichuruza juu ya ekzosi ya moto, gari linaungua mbele ya macho yako. Breki zifumuliwe zote: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, hivyo yabadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama hujatembea. Matairi usiyapime kwa kashata tu. Ubavuni pana tarakimu nne. 2219 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini limezeeka ni kaburi. Na kabureta zile zina kijisima kidogo cha oili juu yake ambacho mafundi wa siku hizi hawakijui, kwa kuwa wamezoea magari ya kompyuta. Kikikauka, gari linakohoa ukikanyaga mafuta, nao watakubadilishia plagi mara tatu bila kupona.

Hapo kwenye maji ya rejeta ningependa ukae kidogo. Bloku ya injini hiyo ni ya chuma, lakini silinda hedi ni ya aluminiamu. Visima vyetu vingi vya pwani vina maji ya magadi. Ukiyachemshia chai tu unayajua. Ukiyamimina kwenye rejeta, yanaila aluminiamu polepole kutoka ndani, na utashangaa gari linachemsha wakati bodi umeitunza kama mboni ya jicho. Weka kulanti, changanya na maji safi yasiyo na chumvi, na usimruhusu kijana wa kituo cha mafuta akuongezee kwa kopo lake. Hata akiwa na nia njema.

Fundi mtafute mzee. Waliofanya kazi enzi za pointi na kondensa wanazidi kupungua, lakini wapo, Dar na hata hapa Mtwara. Mwombe kijana anayejifunza akae pembeni yake, na wewe ulipie chai ya wote wawili. Nunua daftari, andika kila kilichofunguliwa na kilichobadilishwa. Spea za injini utahangaika nazo Kariakoo na Gerezani, na utapata zinazoingiliana na Datsun nyingine za wakati ule. Vioo, taa na mapambo ya bodi ni shida kweli, hivyo kisivunjike kitu kwa uzembe.

Safari ya kuja nyumbani ni kama kilomita 560. Njoo kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Wenye umri wangu wanakumbuka Kusini kulivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003: kivuko cha Ndundu, foleni, kisha kile kipande cha mchanga na tope mpaka Somanga ambako basi liliweza kulala njiani siku mbili. Leo ni lami, lakini usiizoee. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara hiyo hiyo maeneo ya Somanga na Kusini kukabaki kumekatika. Masika usije na gari lililo chini hivyo. Ondoka Dar alfajiri, jaza mafuta Kibiti na tena Nangurukuru, ule samaki Somanga, vijijini ushike 50, kwani trafiki wenye tochi hawana habari kama gari lako lilishinda Safari. Saa kumi na mbili jioni ikukute umeshaegesha, hata kama ni Lindi na zimebaki kilomita mia na kidogo. Malori ya usiku na taa za gari la zamani haviendani. Beba feni beliti, pointi, kondensa, koili, plagi, mipira ya rejeta, waya na maji. Ukifika Mikindani simama, hata dakika kumi, utazame boma la Wajerumani la mwaka 1895 na bandari ile aliyopitia Livingstone mwaka 1866 akielekea bara. Hiyo ndiyo picha nzuri ya gari la zamani: mtaa wa zamani, jua la jioni, na magurudumu juu ya ardhi kavu.

Msimbati, mdogo wangu, gari lisifike. Najua ndiyo ndoto yenyewe. Najua mchanga wa Ruvula, pale pale Msimbati, ulivyo mweupe, na magari ya wageni huendeshwa pale kama uwanja wa mpira. Lakini mchanga ule umelowa chumvi, na gari lako linagusa mchanga kwa tumbo. Likinasa maji yakiwa yanajaa, kamba za wavuvi hazitalivuta kwa wakati. Na likitoka, limetoka na chumvi ndani ya kila mfuko. Acha Datsun mjini. Mpande gari la abiria mpaka Msimbati, mlipe kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000, mle pweza, muogelee. Mkitaka kuona mto unavyoingia baharini, mikoko na mafungu ya mchanga, chukueni mashua na mwenyeji anayeijua bamvua. Kivuko cha Kilambo chenyewe, kwenye mto huo huo wa Ruvuma, husubiri maji yajae, sembuse wewe na gari la miaka hamsini.

Nyumbani, usilifunike kwa turubai. Hili naliona kila mtaa na linaniuma. Turubai hushika unyevu ndani, gari likapikwa kwa mvuke wa chumvi. Lijengee banda la makuti, juu pafunikwe, pembeni pawe wazi, upande wa bahari uweke ukuta. Kila wiki lioshe kwa maji baridi, na sehemu ya kuosha kwanza ni chini. Vijana wa kuosha magari hung'arisha boneti wakaacha uvungu, simama nao. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibue kwa kijiti. Wazee wetu walikuwa wakipaka oili chafu chini ya gari. Ilisaidia bati, lakini iliozesha mipira na kuchuruzika ardhini, nayo mvua huipeleka kwenye mikoko tunakovua kaa. Paka grisi au nta ya kuzuia kutu, uirudie kila mwaka kabla ya kusi kushika.

Limebaki neno la mchumba wako, "Chagua." Fedha ya mahari usiiguse. Nimesema usiiguse. Kama gari haliwezi kungoja, mwache mzee auze kwa mwingine. Lakini sidhani binti anachukia gari. Nadhani amechoka kukaa kiti cha pembeni akisikiliza habari za kabureta. Mpe usukani. Mfundishe kushika kluchi, mfundishe kusikia injini ikibadilika sauti, mpe daftari la matengenezo aandike yeye. Mimi baba alinifundisha kubadili pointi nikiwa na miaka kumi na mitano, na ndiyo sababu mpaka leo sijaiuza ile 120Y.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nunua kama nguzo za chini ni nzima, makaratasi ni safi na mahari iko pembeni. Moja likikosekana, mshukuru mzee, unywe maji, upande basi urudi. Ukishalipima gari, niandikie sumaku iliteleza wapi.