Tuna Nini Nyumbani?

Somo la juma: 2 Wafalme 4:1-7. Soma pia Mithali 27:23 na Warumi 13:8.

Somo la leo nimelipata dukani, si kwenye kitabu.

Jumamosi moja nilitoka kununua mkate. Nilikuwa nimeacha maandalizi ya mahubiri mezani, na mahubiri yenyewe yalikuwa juu ya uwakili mwema. Mwenye duka alinipa mkate, akapokea pesa, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Pasi, kuna kitu kidogo hapa." Akafungua daftari lake. Jina la mama watoto lilikuwa pale, na chini yake unga, sukari, sabuni, maziwa, mistari mingi. Jumla: shilingi 4,350.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Niliuliza, "Hizi pesa zimeenda wapi?" Mke wangu hakubishana nami. Alileta daftari la shule la mtoto wetu, akafungua kurasa za nyuma. Alikuwa ameandika kila kitu tangu mwezi wa kwanza. Akaniambia, "Baba, wewe huniulizi pesa zimetumika vipi. Unauliza tu chakula kiko wapi."

Wapendwa, mimi nina digrii ya biashara. Nimefundishwa kukagua hesabu za kampuni. Lakini tangu tuoane sikuwa nimeketi jioni hata moja kukagua hesabu za nyumba yangu. Niliacha pesa mezani, zikiisha nikaona ni kazi ya mama kujua. Fungu la kumi nilitoa bila kukosa, na huku mwenye duka alikuwa anangoja haki yake. Mke wangu ndiye aliyekuwa anapita kwa duka hilo akiinamisha kichwa.

1. Mtumishi anaweza kuacha deni

Mama mjane katika somo letu alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii. Marehemu alimcha Mungu, na mke anamshuhudia hivyo mbele ya Elisha. Hata hivyo aliacha deni, na mdai alikuwa amekuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Kumcha Mungu hakukulifuta lile deni. Lilibaki mlangoni, likamngojea mama na watoto.

Angalia pia kwamba mama huyu hakuficha. Alilia kwa nabii, akataja deni kama lilivyo. Nyumba nyingi zinaumia hapa. Mume ana mkopo wa simu ambao mke hajui. Mke ana deni la chama ambalo mume hajui. Wanaomba pamoja usiku, na kila mmoja ana siri yake chini ya mto.

2. Elisha alianza kwa kuhesabu

Kabla ya muujiza, nabii alimuuliza mama ana nini ndani ya nyumba. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hana kitu. Halafu akakumbuka chupa ya mafuta. Wengi wetu tunasema "hatuna kitu" kwa sababu hatujafungua stoo. Unanunua ndengu kumbe zipo nusu kilo nyuma ya unga.

Sisi tulianza hivyo. Kila Jumapili jioni baada ya chakula tunakaa dakika ishirini. Tunatazama kilichopo kwanza, halafu tunaandika kinachohitajika. Tuligundua tunanunua mafuta ya kupima ya shilingi 30 kila jioni. Hiyo ni shilingi 900 kwa siku thelathini. Mtungi wa lita mbili ungetutosha mwezi mzima kwa pesa chini ya hizo.

Najua si kila mtu ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kama unalipwa kwa siku, hesabu kwa siku. Kodi ya shilingi 6,000 ni shilingi 200 kila siku. Ziweke kando jioni hiyohiyo kabla hujapita kwa mama mboga. Siku ambayo kazi imekosekana, andika hivyo, na mfidie siku ya kazi nzuri. Karo nayo haitushtui kama mwizi. Shule zina mihula mitatu, na inajulikana mapema.

3. Mlango ulifungwa, lakini watoto walikuwa ndani

Mama aliambiwa ajifungie ndani pamoja na wanawe. Majirani waliombwa vyombo, hawakuitwa kutazama. Kuna mambo ya nyumba ambayo hayaendi sokoni. Lakini ndani ya mlango kila mtu alikuwa na kazi: watoto walileta vyombo, mama akamimina. Wale ambao deni lilitaka kuwachukua ndio walioshika kazi ya kuliondoa. Mwambie mtoto ukweli kwa kipimo chake. Akijua kwa nini mwezi huu hakuna soda, hatakuona baba mbaya.

4. Uza, lipa, ndipo uishi

Mafuta yalipokoma, Elisha alimpa mama utaratibu: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni lilitangulia. Mimi ningeanza na sherehe ya shukrani.

Lile deni letu tulilipa kwa miezi mitatu, shilingi 1,450 kila mwezi. Malipo ya kwanza nilimpelekea mwenye duka mwenyewe, mke wangu akiwa kando yangu, nikamwomba msamaha. Yeye si mshirika wa kanisa letu. Sijui aliwaza nini. Najua tu kwamba mama watoto sasa anapita pale akiwa ameinua kichwa.

Mahubiri yale ya uwakili niliyaahirisha. Leo ndiyo haya.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

- Ni deni gani nyumbani kwako ambalo mwenzako hajui? Utamwambia lini?
- Taja kitu kimoja unachonunua kidogokidogo kila siku. Kwa mwezi ni shilingi ngapi?
- Wewe uliye peke yako, au unayelea watoto peke yako, ni nani unaweza kuketi naye mkakagua daftari?

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kuwaachia wenzetu mizigo peke yao. Tupe ujasiri wa kufungua daftari, na ubariki kile kidogo tutakachokikuta. Katika jina la Yesu, amina.