Mafunzo Niliyopata Pemba Katika Ubia wa Kutetea Mtandao

Nimekuwa msaidizi wa sheria hapa Pemba tangu siku ambazo barua ilisafiri kwa boti. Leo vijana wananijia kuuliza namna ya kushirikiana na mashirika yanayotetea uhuru wa mtandao. Mtafika mbali kuliko sisi, wanangu. Nawaandikia haya ili safari yenu iwe fupi.

1. Ushahidi ndio mtaji wetu

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, ambapo Twitter na WhatsApp zilibanwa, tulikaa Chake Chake na wakili kutoka Unguja. Kila mmoja alikuwa na lake: muuza samaki aliyekosa wateja, mama aliyeshindwa kusikia sauti ya mwanawe Muscat. Wakili akauliza: "Ilikatika saa ngapi, na kwa laini ya kampuni gani?" Tukatazamana. Uchungu tulikuwa nao, lakini hakuna aliyekuwa ameandika hata tarehe.

Siku zote nilidhani washirika wakubwa ndio wanaotuletea ujuzi. Kumbe ujuzi wanaouhitaji zaidi uko kwetu. Programu ya bure ya OONI Probe hupima kwa simu ya kawaida kama tovuti imezuiwa, na matokeo yake husomwa na watafiti duniani kote. Lakini lazima awepo mtu Wete au Micheweni wa kuibonyeza. Na mtandao ukizimwa kabisa, kama ulivyozimwa nchi nzima Oktoba 29, 2025, chombo kinachobaki ni daftari. Andikeni saa, mahali, laini, aliyeathirika na alichopoteza.

2. Jueni mlango wa kugonga

Kijana mmoja wa Mkoani alinijia na kituo chake cha video mtandaoni, akiamini kibali cha Zanzibar kinamtosha. Nilimweleza kwamba posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, inafika mpaka kwetu, na ni vyema aulize huko pia. Redio za hapa nazo zinasimamiwa na Tume ya Utangazaji Zanzibar, chini ya sheria ya 1997. Akabaki kimya.

Mshirika wa Nairobi au Kampala akiandika "Tanzania", mara nyingi haoni tofauti hiyo. Ni kazi yetu kumwonyesha kabla hajaandika barua kwa ofisi isiyohusika. Ndiyo maana ubia wa kwanza uwe na wanasheria wa karibu. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, kina ofisi Chake Chake. Anzeni hapo.

3. Shauri likianguka, ushirika usianguke

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka hata mwenye blogu alipie leseni shilingi milioni moja kwa mwaka. Mashirika sita yaliungana kuzipinga, wakiwemo wanasheria, wahariri, wanahabari wanawake na Jamii Media. Mei 4 Mahakama Kuu kule Mtwara ikatoa zuio. Tukashangilia. Kabla ya mwezi kwisha, zuio likaondolewa.

Nilikuwa na hakika kwamba watatawanyika. Kilichonishangaza ni Machi 2019, pale watatu kati yao, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Baraza la Habari na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, waliposhinda katika Mahakama ya Afrika Mashariki dhidi ya vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Shauri hilo walilifungua kabla ya lile la Mtwara, na pigo la Mtwara halikuwafanya waliache. Ushirika wa kweli hupimwa siku ya pili baada ya kushindwa.

4. Mwenye shauri awe mwenyeji

Januari 2019 Zimbabwe ilizima mtandao. Watetezi wa uhuru wa habari wa shirika la MISA na wanasheria watetezi wa haki wakaenda pamoja mahakamani Harare, wakashinda: waziri aliyetoa amri hakuwa na mamlaka hayo. Juni 2020 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, ikasema Togo ilivunja haki kwa kuzima mtandao 2017. Waliofungua shauri walikuwa mashirika ya Togo na mwandishi wa habari wa huko. Shirika la kimataifa la Access Now na wenzao waliingia kama marafiki wa mahakama, yaani watoa hoja wasio wadai wala wadaiwa.

Huo ndio mpangilio mzuri. Mgeni ana mawakili, fedha na sauti inayofika mbali. Mwenyeji ana jeraha, ushahidi na haki ya kusimama mbele ya hakimu. Mfadhili akija na mradi uliokwisha kuandikwa, mwambieni kwa adabu mnachokihitaji ninyi.

Basi msingoje uchaguzi mwingine. Tafuteni sasa hivi mwanasheria, mwandishi, mtangazaji wa redio jamii na fundi simu. Kubalianeni nani anaandika, nani anapima na nani anapigiwa kwanza. Mkiwa tayari hivyo, mshirika yeyote atakayekuja atakuta kazi imeshaanza.