Kulitia Shoka la Zamani Mpini Mpya

Huku Masasi na Newala shoka la msuka twalijua tangu utoto. Chuma chake hakina tundu; mkia wake hupenya kichwa kinene cha mpini, na kila pigo hulikaza. Lakini likinasa gogoni mkalivuta kwa nguvu, hulegea.

Basi mpini ukivunjika, msikitupe chuma motoni ili kipande kilichobaki kiungue. Chuma kikigeuka buluu kwa moto, makali hulainika, na mpingo utayakunja siku ile ile. Kipasueni kipande hicho kwa patasi. Kisha chagueni mti mgumu uliokauka kivulini, wenye kifundo upande wa mzizi. Utieni moto msuka peke yake, makali yakiwa ndani ya tope bichi, mchome tundu kidogo kidogo, lisizidi unene wa msuka.

Tusiharakishe kazi hii. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, twasoma habari za mtu aliyekwenda msituni na jirani yake. Chuma kikachomoka mpinini kikamwua mwenziwe. Hakuwa na chuki naye, hata hivyo alilazimika kukimbia. Kwa hiyo pigeni gogo kwanza mara 20, watoto wakiwa mbali, mkakitazame kifundo kama kimepata ufa.