Zana za Uvuvi Nchelenge kwa Mtaji Mdogo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Amua kwanza samaki, ndipo uulize bei. Anayemtaka samaki aitwaye pale, ndugu yake perege, anahitaji wavu wa kutega wenye macho mapana. Anayemtaka chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, anahitaji taa, wavu wa macho madogo na mtumbwi wa kutokea usiku. Mtaji mdogo hautoshi kazi zote mbili.

Usinunue wavu uliofungwa. Ufungue hapo hapo dukani, mjini Kashikishi. Livute jicho moja mpaka linyooke, ulipime kwa rula toka fundo hadi fundo, kisha rudia sehemu nyingine tatu nne za bando. Macho yakipishana, rudisha. Likaze fundo kwa vidole: likiteleza, wavu huo utaharibikia mikononi mwako kabla haujarudisha pesa yake. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Usimalize pesa zote kwenye wavu. Kamba, maboya na chubwi vina gharama yake, na hapa ndipo wengi hukwama. Wavu wenye urefu wa mita 100 ukinyooshwa, uning'inize kwenye kamba ya mita 50 hivi, macho yapate kufunguka kama vipande vya kashata. Ukiukaza, samaki ataugonga na kurudi zake. Pa kubana matumizi ni kwenye maboya: ndala zilizokatika hukatwa vipande vikaelea vizuri tu. Chubwi za udongo wa kuchoma nazo zinafaa.

Usiguse chandarua. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zinazoteswa sana na malaria, na chandarua kile kimetiwa dawa ili mtoto alale salama. Ukikikokota kwenye matete ya ufukweni unazoa vifaranga vya samaki ambao mwakani wangekuwa kitoweo, na mtoto nyumbani unamwachia mbu. Sheria inakataza, lakini hata isingekataza ni aibu.

Mkumbuke mpumbu. Samaki huyu alikuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa mvua zikija, kwenda kutaga. Nyavu zikamsubiri njiani, tumbo likiwa limejaa mayai, na kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Kwa hiyo usitege mkondo wa samaki anayekwenda kutaga, na usinunue zana ya kutumpula, yaani ya kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni. Nayo imepigwa marufuku.

Kwa taa, piga hesabu ya mwezi mzima. Karabai hunywa mafuta kila usiku. Taa ya betri inayochajiwa kwa sola hugharimu zaidi siku ya kwanza tu.

Usichukue wavu wa mkopo kwa ahadi ya kumuuzia mkopeshaji samaki wote. Bei atapanga yeye.

Usinunue zana Novemba ukitegemea zijilipe upesi. Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa. Miezi hiyo ziba matobo, na wavu wa nailoni uuhifadhi kivulini, kwa kuwa jua huudhoofisha uzi.

Na kabla ya wavu wa pili, nunua jaketi la kuokolea maisha, moja kwa kila anayepanda mtumbwi wako.