Chumvi ya Barabara za Baridi Katika Gari Lililotumika

Wakazi wengi wa Bariadi, Maswa au Meatu hawajapata kuona barabara iliyomwagiwa chumvi. Hata hivyo, gari lililotoka Japani au Uingereza huenda limepita katika chumvi hiyo kwa majira mengi ya baridi. Theluji inapoanguka, chumvi humwagwa barabarani kwa sababu maji yaliyokolea chumvi huweza kukaa bila kuganda hadi karibu nyuzijoto 21 chini ya sifuri. Nchini Japani matumizi yake yaliongezeka baada ya sheria ya mwaka 1990 iliyozuia matairi ya misumari, ambayo yalikuwa yakikwangua lami na kujaza miji vumbi. Vumbi lilipungua, chumvi nayo ikaingia mitoni, visimani na kwenye mizizi ya miti ya kando ya njia, wala haiozi.

Kwa gari, madhara huanzia uvunguni: katika viungo vya chasisi, mabomba ya breki na mahali springi zinapofungwa. Chumvi iliyojificha katika mikunjo ya bati hunyonya unyevu wa hewa, hivyo kutu huendelea hata gari likishafika Simiyu, hasa nyakati za mvua. Chasisi iliyoliwa yaweza kustahimili lami. Ikikutana na mashimo ya njia za vijijini, juu yake marobota ya pamba, hupasuka. Bomba la breki likitoboka, pedali huzama na gari laweza kushindwa kusimama.

Kabla ya kulipa, gari lipandishwe juu ya shimo la gereji, nawe uende na fundi wako, si wa muuzaji. Agonge chasisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumomonyoka. Rangi nyeusi mpya katika uvungu mzima wa gari la zamani ikutie shaka. Kutu nyepesi ya juu juu kwenye bomba la moshi si sababu ya kulikataa.

Magari ya minada ya Japani huwa na karatasi ya ukaguzi, omba kuiona. Herufi S huonyesha kutu, na C kutu iliyokwisha kula bati. Tarakimu inayofuata ikiwa kubwa, madhara ni makubwa. Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye karatasi na iliyogongwa garini. Muuzaji akisema gari halina kutu, aandike hivyo katika mkataba na kutia saini. Maelezo ya uongo kuhusu bidhaa yamekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na mlaji aweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani.

Ukiwa umekwisha kununua, osha uvungu kwa maji safi mengi, hata ndani ya matundu ya chasisi, ukauke kabisa, ndipo upakwe dawa ya kuzuia kutu. Dawa ikitangulia, chumvi hubaki chini yake na kutu huendelea.