Kwa nini mbingu ni pana kiasi hiki?

Tulikuwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro na wanafunzi kutoka Karatu. Ukungu ulitanda, hatuoni hatua ishirini mbele. Kijana mmoja akauliza: "Maalim, kama mwanadamu ndiye khalifa, mbona Allah kaumba ulimwengu mkubwa hivi? Na una mwisho?" Mwalimu mwenzangu akawahi kusema kuwa kudai ulimwengu hauna mwisho ni shirki. Nami nilijibu kwa mkato, na jibu langu halikuniridhisha.

Ndugu msomaji, tuanze na umri. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alionyesha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali nasi ndivyo inavyozidi kwenda mbio kutukimbia. Yaani ulimwengu unatanuka, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. (Simo katika wanaoharakisha kuifanya aya ya 47 ya Suratudh-Dhariyat kuwa ushahidi wa Hubble, wafasiri wengi wa kale waliifahamu kwa maana ya uwezo na wasaa.)

Sasa tazama mwili wako. Kalsiamu ya mifupa na chuma cha damu havikuwepo mwanzoni. Vilipikwa ndani ya nyota, nyota zikafa na kutawanya majivu yake, ndipo ikapatikana ardhi hii. Allah (S.W.) hashindwi kuumba kwa mkupuo, lakini kwa kanuni alizoziweka Mwenyewe, upishi huo ulichukua mabilioni ya miaka, na muda wote huo mbingu zinatanuka. Ulimwengu mdogo ungekuwa ulimwengu mchanga, usio na mifupa wala damu. Kijana wetu aliona ukubwa ule unamdunisha, kumbe bila huo asingekuwepo wa kuuliza.

Usiku wa Novemba, ukitoka nje ya taa za Karatu mjini na mawingu yakafunguka, tazama kaskazini. Utaona kidoa hafifu cha mwanga. Abdurahman as-Sufi alikitaja katika kitabu chake cha nyota mwaka 964, akakifananisha na kijiwingu. Ni galaksi ya Andromeda, jirani yetu. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini hiyo uionayo imesafiri kama miaka milioni 2.5. Nyayo za Laetoli, humo humo hifadhini Ngorongoro, ni za kale kuliko nuru hiyo: zina miaka milioni 3.6. Mjadala wa nyayo ni wa siku nyingine.

Kuhusu mwisho, ukungu wa siku ile unatosha kuwa mfano. Msitu haukomi pale jicho linapokomea. Tunaweza kuona kiasi cha miaka ya nuru bilioni 46 kila upande; nuru ya ng'ambo ya hapo haijatufikia. Vipimo vya chombo cha Planck, kilichorushwa mwaka 2009, havikuona mpindo wowote wa wazi katika anga. Hilo linaruhusu ulimwengu usio na ukomo, ila halithibitishi.

Hiyo shirki ya mwenzangu siioni. Al-Kindi alisema ulimwengu una ukomo wa ukubwa na una mwanzo. Ibn Sina alikubali ukomo wa ukubwa, akakataa mwanzo wa wakati. Imamu Ghazali alipomjibu katika Tahafut, hakugombea upana. Aligombea mwanzo, kwa sababu chenye mwanzo kinamhitaji Muumba, kiwe na kingo au kisiwe nazo.