Linux na Windows katika kompyuta moja

Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta ya kikundi chenu haiwezi kupokea Windows 11, msiitupe. Wekeni Ubuntu, aina ya Linux isiyolipiwa, kando ya Windows. Kila mnapowasha kompyuta mtachagua mojawapo.

Kwanza nakilini mafaili yote kwenye diski ya nje. Kosa moja wakati wa kugawa diski laweza kufuta orodha ya wanachama na hesabu za miaka mingi! Kisha, mkiwa ndani ya Windows, punguzeni sehemu yake ya diski ili ibaki nafasi tupu ya GB 25 au zaidi. Washeni kompyuta kwa flashi iliyoandaliwa yenye Ubuntu, muijaribu kabla ya kuiweka. Je, printa inafanya kazi? Mkiridhika, chagueni kuiweka pamoja na Windows, si kufuta diski yote.